Mzee Tuli, Mkunga na Kabureta Mbili

Baada ya miaka thelathini na minne ya utumishi, Mzee Tuli, fomeni wa ukumbi wetu wa mashine, alistaafu rasmi Ijumaa, tarehe 28 Juni. Jarida hili la wafanyakazi lilipaswa kutoka siku moja kabla, ligawiwe siku ya sherehe pamoja na keki. Limechelewa kwa makusudi. Kila tulipokaa kuandika wasifu huu tulikwama palepale: hakuna aliyejua kama gari lingetoka getini.

Kwa msomaji ambaye ni mgeni kiwandani, gari lenyewe ni la spoti, la Kiingereza, la viti viwili, halina paa la maana, na ni jekundu pale ambapo bado lina rangi. Umri wake haupishani sana na wa mwenyewe. Limelala katika banda la nyumbani kwake kwa sehemu kubwa ya ndoa yake, na ndani ya ndoa hiyo palikuwa na makubaliano. Siku Mzee Tuli anastaafu, gari liwachukue yeye na mkewe kutoka geti la kiwanda mpaka nyumbani, kwa nguvu zake lenyewe, bila kusukumwa. Likishindwa, linauzwa, na banda linakuwa la mke. Mkewe ni mkunga mstaafu. Analitaka banda kwa ajili ya kuwafundisha kina mama wanaotarajia mtoto wa kwanza, ambao kwa sasa hukaa sebuleni kwake wakigongana magoti. Makubaliano yalifanyika mezani, mbele ya watoto wao wawili wakubwa kama mashahidi, na kufikia chai ya asubuhi ya Jumatatu iliyofuata kiwanda kizima kilikuwa na maoni.

Lakini tuanze na kazi, kwa sababu ndiyo iliyomleta kwetu.

Aliingia hapa akiwa kijana mwembamba wa kubeba karatasi. Alitakiwa kuzitoa ghalani, kuzifikisha kwenye mashine, na kukaa mbali na mashine. Hilo la mwisho lilimshinda. Kabla mwaka haujaisha alikuwa msaidizi wa mchapaji, baadaye mchapaji, kisha fomeni. Tangu hapo hakuna kitabu cha shule, kalenda wala tangazo la sabuni lililotoka katika jengo hili bila kupita mbele ya macho yake na, kuliko macho, masikio yake.

Ninyi mnaofanya kazi ghorofani huenda hamjui ukumbi ulivyo. Mashine Kubwa, ile ya rangi nne, imekaa sambamba na ukuta wa madirisha. Anayesimama kwenye meza ya kukagua anakuwa nayo upande wake wa kushoto, umbali wa mkono mmoja, kutwa nzima. Hapo ndipo Mzee Tuli alipokuwa akisimama. Upande huo wa kushoto tunaomba uukumbuke, utatufaa mbele.

Jina lake alilipatia hapohapo. Mashine ikisumbua, mchapaji wa kawaida hutazama karatasi: rangi imehama, wino umezidi, herufi zimeota kivuli. Mzee Tuli yeye aliinua kiganja na kusema, "Tuli." Wote tulinyamaza, hata waliokuwa hawaongei. Akasikiliza, kisha akatoa kauli kama "rola ya tatu inalalamika", na tukifungua tunakuta rola ya tatu ina sababu zake. Kuna siku meneja mpya alikuwa akiwatembeza wageni ukumbini, akiwaeleza mipango mikubwa, ndipo kiganja kikainuka. Tuli. Meneja akakatiza sentensi katikati. Wageni wakasimama kama wanaopigwa picha. Mzee akainama, akakaza skrubu, akasema asante, akaendelea na shughuli zake. Meneja alibaki kimya mpaka fundi wa pleti, zile bamba za kuchapia, alipomnong'oneza kwamba sasa anaruhusiwa. Meneja huyo bado yuko nasi, na ndiye aliyetoa idhini ya kisa hiki kuchapishwa.

Si kwamba hakuwa na kasoro. Vikaoni alikuwa mgumu. Alichagua kiti cha pembeni, ambapo kila mtu alikuwa kuliani kwake, na mwenzake akimtangulia kukikalia alisimama nyuma yake mpaka akiachie. Maswali mengine aliyajibu vizuri na mengine aliyapita kama hayakuulizwa. Tulisema ni ukubwa. Mwaka fulani katibu wa michezo alimwinamia kutoka upande wa pili na kumuuliza jambo. Mzee akaitikia kwa kichwa kwa heshima, na ndivyo alivyokuwa mlezi wa timu ya netiboli. Alihudhuria mazoezi yote kwa misimu miwili. Alishika maji, akabeba mipira, akajifunza sheria. Tulidhani anaupenda mchezo.

Sasa tuingie bandani, kwa sababu huwezi kumfahamu Mzee Tuli kwa kumtazama kazini peke yake.

Gari alilinunua ujanani kutoka kwa daktari wa meno aliyekuwa akihama. Bodi lilifika likiwa limebebwa, na injini ikafuata kesho yake ndani ya magunia mawili. Aliyekuwa mchumba wake wakati huo, ambaye ndiye mkewe leo, aliuliza kama daktari ameacha na maelezo ya namna ya kumrudishia meno. Watu kazini walizoea kumtania mama huyo kwamba ameletewa bi mdogo. Huwa anawakatalia. Bi mdogo, anasema, angemsaidia kuosha vyombo. Huyu ni mgonjwa tu, tena wa kulazwa.

Tulikwenda kupiga picha za jarida hili Jumapili ya mwisho kabla ya sherehe, mwandishi wa wasifu huu pamoja na fundi wa pleti, ambaye ndiye mwenye kamera. Banda ni dogo kiasi kwamba mlango wa gari ukifunguliwa upande mmoja, mtu wa upande wa pili inambidi ashushe pumzi. Spana zimetundikwa ukutani kwa ukubwa, zote za inchi, kwa sababu gari hilo halizitambui za milimita. Nati na skrubu ziko ndani ya chupa tupu za vidonge ambazo mkunga alizileta nyumbani miaka yote ya kazi yake, na lebo hazijabanduliwa. Ukihitaji nati ya magurudumu unaifungua chupa iliyoandikwa kwamba utumie kimoja, kutwa mara tatu, baada ya chakula.

Na kiwanda chetu kimo ndani ya gari hilo. Gasketi moja, ile karatasi ngumu inayozuia oili isivuje kati ya chuma na chuma, Mzee Tuli aliikata kwenye jalada la kitabu cha hesabu lililokataliwa kwa kasoro ya rangi. Ukichuchumaa upande wa kulia unaweza kusoma neno "Darasa" kwenye ukingo wake. Haijawahi kuvuja. Idara yetu ya mauzo imeombwa isilitangaze hilo kama sifa ya bidhaa.

Tatizo la gari halikuwa gasketi. Tatizo lilikuwa kabureta.

Kabureta ndiyo inayochanganya hewa na petroli kabla havijaingia kwenye injini. Magari mengi ya rika lile yalikuwa na moja. Hili lina mbili, zimekaa bega kwa bega ubavuni mwa injini, na kila moja inalisha nusu yake. Zikivuta hewa sawasawa, gari linakwenda kama limesahau umri wake. Moja ikivuta kuliko mwenzake, gari linatikisika, linakohoa, na linazimika kwenye kona, mbele ya watu. Kuzisawazisha hakuhitaji mtambo. Unachukua kipande cha mpira wa maji, ncha moja unaielekeza kwenye mdomo wa kabureta, ncha ya pili unaiweka sikioni. Unasikia hewa ikipita. Unahamia ya pili. Yenye sauti ndogo unaigeuzia skrubu, robo, nusu, unasikiliza tena, mpaka pumzi zote mbili zinafanana. Kuna kipimo cha mshale kinachofanya kazi hiyohiyo, na watoto wao walimnunulia kimoja siku ya kuzaliwa kwake. Kiko rafuni ndani ya boksi lake. Mzee aliwaambia, kwa upendo, kwamba kile ni cha watu wasio na masikio.

Kwa hiyo alisawazisha kwa sikio, na gari likazidi kuchechemea.

Alilileta kazini mara kadhaa kulifanyia majaribio, na kila mara liliingia kwa shida na kutoka kwa mikono. Mlinzi wa getini alitoa maelezo ambayo yamebaki kuwa ya kitaalamu kuliko yote tuliyowahi kuyasikia: gari hili, alisema, ni la watu watano, wawili wa kukaa na watatu wa kusukuma. Kadiri mwezi wa kustaafu ulivyosogea, mzee alibadilisha plagi. Akabadilisha nyaya zake. Akasafisha tangi, akaongeza oili nyepesi ndani ya kabureta, akazifungua zote mbili na kuzipanga upya juu ya gazeti. Kila mtu kazini alikuwa na dawa. Mtunza stoo alisema ni petroli ya siku hizi. Dereva wa lori alisema liuzwe asubuhi, kabla halijapata joto, wakati mnunuzi bado ana matumaini. Mzee aliwasikiliza wote, au hivyo tulidhani, na akaacha kula chakula cha mchana nasi. Tulimwona kupitia dirishani akiwa amekaa peke yake kwenye kreti nje ya ghala, anakunja na kukunjua kipande kile cha mpira. Mtu aliyetegemea kitu kimoja maisha yake yote, na kitu hicho kikaanza kumjibu vibaya, huwa na sura fulani. Hatukujua wakati huo tulikuwa tunatazama nini.

Yaliyofuata alitusimulia mkunga, akiwa amesimama mlangoni mwa banda na sinia la chai, huku mume wake ameketi juu ya boksi la spana akijifanya anasafisha plagi ambayo tayari ilikuwa safi.

Ilikuwa wiki moja kabla ya ziara yetu. Mama alikuwa amempelekea chai. Injini ilikuwa inaunguruma, na mzee alikuwa ameinama na mpira sikioni, ana uso wa mtu anayesubiri majibu ya maabara.

"Nikasema hebu na mimi nimsikie huyu mgonjwa anasemaje," alituambia. "Nikachukua mpira. Nikamsikiliza wa mbele, nikamsikiliza wa nyuma. Nikamwambia, Baba, hawa hawapumui sawa. Wa mbele anavuta kwa pupa, wa nyuma amebanwa. Akaniambia nirudi jikoni."

"Sikusema jikoni," mzee alisema kutoka kwenye boksi. "Nilisema ndani."

"Jikoni iko ndani."

Mkunga hakurudi ndani wala jikoni. Alitumia maisha yake akiinamia matumbo ya wajawazito na kile kitarumbeta cha mbao cha kusikilizia moyo wa mtoto, na hakuwa tayari kuambiwa na kabureta kwamba hasikii. Mzee alisikiliza mbele yake: sawa kabisa. Yeye akasikiliza: si sawa hata kidogo. Ikawa hivyo mara ya pili, na sauti zikaanza kupanda. Hapo akaacha kuitazama injini, akamtazama mume wake. Kwa kabureta ya mbele, mzee alishika mpira kwa mkono wa kushoto na kuuweka kwenye sikio la kushoto. Kwa ya nyuma, mkono wa kulia, sikio la kulia. Ni mtindo aliojizoesha tangu ujana kwa sababu unamwokoa kugeuza kiuno.

"Pacha tumboni," mkunga alitueleza, "unawasikiliza wote wawili kwa sikio lilelile. Ukibadilisha sikio, umebadilisha mkunga."

Akamwambia asikilize zote kwa sikio la kulia. Mzee alifanya hivyo ili yaishe. Na akasikia: kabureta ya mbele ilikuwa inavuma kama upepo chini ya mlango, na ya nyuma inapumua kama mtu aliyelala. Kisha, bila kuambiwa, akazijaribu zote mbili kwa sikio la kushoto. Alikaa na mpira pale kwa muda mrefu kuliko kazi ilivyohitaji. Halafu akazima injini mwenyewe.

Sikio la kushoto lilikuwa limemwambia siku zote kwamba kabureta ya mbele ina sauti ndogo. Naye, fundi mwaminifu, akaifungua skrubu nusu, na nusu tena, mpaka masikio yake mawili yakakubaliana. Masikio yalikubaliana. Kabureta ndizo hazikuwa na habari.

"Aliniuliza swali moja tu," mkunga alisema. "Tangu lini. Nikamwambia, Baba, sijui, ila kuna mambo mengi sasa nayaelewa."

Akatuorodheshea baadhi yake, naye mzee akaendelea kusugua plagi yake. La kwanza lilihusu lile gari lao jingine, la kawaida, la kwendea sokoni na misibani. Mzee ndiye huendesha, na usukani uko kulia, kwa hiyo mama hukaa kushoto kwake. "Nikimwambia simama hapo dukani, anapita. Nikimwambia geuka hapa, kimya. Namsimulia habari ndefu ya mtoto wa dada yangu, nafika mwisho, ananiuliza kama nimelala. Nilijua ni dharau ya kawaida ya wanaume. Nikaizoea."

"Ungenigusa bega," mzee alisema.

"Nilikugusa. Ukaniambia nisikusumbue, unaendesha."

Fundi wa pleti aliinua kamera hapo ili awe na la kufanya.

Jumatatu iliyofuata ugunduzi ule, kabla ya kwenda kupimwa, Mzee Tuli alishuka ghalani peke yake na kutoa nakala za vitabu vya miaka ya karibuni. Alizipandisha hadi chumba chetu cha prufu, kinachokagua kurasa za majaribio, na kuomba zikaguliwe upya, ukurasa kwa ukurasa, rangi kwa rangi. Hakueleza sababu, ila alisimama mlangoni muda wote. Alitaka kujua, tulikuja kufahamu, kama kuna watoto waliosomea vitabu vibovu kwa sababu ya sikio lake. Tulikagua. Kazi ilikuwa safi. Alipoambiwa hakutabasamu, aliuliza kama tuna uhakika, na tulipomjibu ndiyo, aliketi kwenye kiti cha karibu na kusema anashukuru.

Namna ilivyobaki safi tuliigundua baadaye, wakati wa kukusanya picha zake za zamani kwa ajili ya ukurasa wa kati. Tazameni ukurasa huo polepole. Katika picha ya kwanza, yule kijana wa karatasi anatazama kamera moja kwa moja. Katika ile ya kupandishwa cheo, kidevu kimeelekea kushoto kidogo. Miaka kumi baadaye kimegeuka zaidi. Katika ile ya mwaka jana, kati yetu sote, yeye peke yake anaonekana kama anayemtazama mtu aliyesimama nje ya picha. Tulikuwa tukisema ni pozi la ufomeni. Kumbe mwili wake ulikuwa unaisogeza mbele ya kila kitu nusu iliyokuwa bado inasikia, kidogo kidogo, bila kumwarifu mwenyewe. Mashine aliisikiliza kwa shingo iliyogeuka. Watu wa kuliani aliwasikia. Kabureta ya mbele ndiyo pekee iliyokuwa imepangiwa, kwa mazoea ya kiuno, sikio lile jingine.

Na sisi tulikuwa kushoto kwake mara nyingi sana, tukiudhika.

Daktari alithibitisha: ni kelele za miaka mingi, upande wa mashine. Amemwandikia kifaa cha sikioni. Mzee anasema atakivaa polepole, kwanza anataka atayarishiwe muhtasari wa yale aliyoyakosa. Alipoambiwa habari ya netiboli, yaani alikubali nini siku ile, alifikiri kidogo na kusema kwamba hata angesikia, pengine angekubali.

Jambo alilolifanya baada ya hapo ndilo tunaloliweka juu ya mengine yote katika wasifu huu. Viziba masikio vya ukumbini vilinunuliwa zamani, na vilikaa stoo kwenye maboksi yake. Hatukuvivaa kwa sababu Mzee Tuli alisema huwezi kuisikia mashine ukiwa umevaa. Katika wiki yake ya mwisho alikwenda stoo mwenyewe, akaleta boksi, akavaa vyake mbele ya ukumbi mzima, akapita kwa kila mtu na kumpa vyake. Hakuhutubia. Kwa wawili watatu waliovitundika shingoni, alisimama mbele yao na kusubiri. Sasa ukumbi wote unavaa, na wote tumeandikiwa siku ya kupimwa.

Tufike Ijumaa.

Gari aliliingiza asubuhi peke yake, bila kutikisika, akaliegesha uani. Tulilizunguka kama bibi harusi. Fundi wa kujalidi aliinama kusoma neno "Darasa". Sherehe ilikuwa nzuri: meneja alitoa hotuba fupi, akiwa amesimama kuliani kwa mzee kama alivyoelekezwa, timu ya netiboli ilileta maua, keki ilikatwa bila jarida. Mkunga alifika na gauni la buluu na kitambaa kichwani, kwa ajili ya upepo. Kila mtu pale alijua hesabu ilivyokaa. Gari likigoma, banda ni lake, na wanafunzi wake hawatagongana magoti tena. Na ni yeye aliyemwonyesha mpinzani wake alipokosea. Dereva wa lori alimuuliza kama hajutii. Akasema hajawahi kumwacha mgonjwa kwa sababu kitanda chake kinahitajika.

Mzee aliufungua mlango wa kulia, na wote tukajipanga kupiga makofi. Lakini hakuingia. Aliushika kwa ajili ya mkewe, akazunguka mbele ya gari, akakaa kiti cha kushoto, cha abiria. Mlinzi, ambaye tayari alikuwa amevaa glavu na kuwaita wenzake wawili, aliuliza kuna nini. Mzee akamjibu kwamba gari hili huendeshwa kwa kusikiliza, na anayesikia ndiye anayeendesha.

Mkunga aligeuza ufunguo. Injini ilizunguka, ikashika, ikakohoa, ikazimika.

Uani watu walianza kunong'ona. Mlinzi alisogea hatua moja na glavu zake. Mzee alikuwa ameweka mikono magotini na kutazama mbele. Ndipo mkunga alipoinua kiganja.

"Tuli," alisema.

Tulinyamaza, sote, pamoja na mlinzi, pamoja na meneja. Akaisikiliza ile injini iliyokuwa haina sauti, kama anayesubiri kitu kirudi. Akasukuma choki, kile kitufe cha kubana hewa, ndani kidogo. Akageuza ufunguo tena. Injini ikashika, ikayumba, kisha pumzi zake zote mbili zikaingia pamoja, na sauti ikatulia ikawa moja. Hata waliovaa viziba masikio waliisikia.

Walipita getini kwa mwendo wa heshima. Mlinzi, aliyewafungulia kwa glavu zilezile, ndiye mtu wa mwisho wa kiwanda hiki aliyekuwa karibu nao, na ameombwa kutoa ushahidi wake mara nyingi tangu siku hiyo. Anasema mama alikuwa akizungumza tangu kabla ya kufika getini, kwa sauti ya kawaida tu, habari ya kupitia dukani na habari ya mtoto wa dada yake. Mzee alikuwa kushoto kwake, sikio zima likiwa upande wake. Mlinzi anasema alimsikia akijibu. Anasema aliuliza hata swali.

Gari lilifika nyumbani bila kusukumwa, kwa hiyo banda kwa haki ni la mzee. Fundi wa pleti, aliyepita huko Jumapili, anaripoti kwamba ndani kuna viti sita vimepangwa duara, na gari liko nje chini ya turubai, karibu na dirisha. Mzee alimwambia ni kwa muda tu. Mkunga alisema wote wanaolazwa husema hivyo.

Kwa niaba ya ukumbi wa mashine, stoo, chumba cha prufu, kujalidi, geti, ofisi za juu na timu ya netiboli, tunakushukuru, Mzee wetu, kwa vitabu vyote, kwa kiganja chako, na kwa boksi lile ulilotuletea mwishoni. Tulizoea kunyamaza ukituambia. Tutajitahidi sasa kusikiliza hata siku ambazo hutakuwepo kutukumbusha.

Wewe na mama tunawaombea afya, petroli safi na barabara isiyo na mashimo mengi. Na tunakutakia miaka mingi katika kiti hicho cha kushoto.